Inchi 14 Zatosha: Dhidi ya Ushauri wa Kununua Msumeno Mkubwa

Kando ya barabara ya Namanga, kuanzia Athi River kupitia Kitengela hadi Isinya, ushauri kuhusu mashine za mbao ni mmoja, na hutolewa bila kusita. Mtu anayetaka kuanzisha karakana nyumbani akiuliza anunue msumeno gani, huambiwa anunue mkubwa. Aanze na benchi la msumeno wa mviringo lenye mota ya hosipawa tano. Akitaka msumeno wa ukanda, ambao mafundi huuita bendiso, basi angoje hadi apate pesa za ule mrefu kuliko mtu, wenye magurudumu ya inchi 24 au 30, uliochomelewa kwa vyuma vizito. Ule mdogo wa inchi 14, anaambiwa, ni wa kuchezea: hauna nguvu, hukata kombo, na siku ya kuuuza hakuna atakayeutaka.

Ushauri huu unafaa karakana ya biashara yenye vijana sita, stima ya fezi tatu na oda za vitanda kila wiki. Lakini watu wengi wanaopewa si wa namna hiyo. Ni mwalimu, nesi, dereva au mfanyakazi wa viwanda vya EPZ aliyejenga kwenye ploti ya hamsini kwa mia, akabakiwa na nafasi ya kibanda cha mabati nyuma ya nyumba, na ambaye akiba yake ya mashine ni ya mara moja tu. Kwa mtu huyo, ushauri wa ukubwa ni njia ya hakika ya kupoteza pesa. Mashine ya kwanza inayomfaa ni msumeno wa ukanda wa magurudumu ya inchi 14, wa stima ya kawaida ya nyumbani, ulionunuliwa kwa sehemu tu ya bajeti, ili sehemu iliyobaki iende kwenye bledi nzuri na kuirekebisha mashine ikate sawasawa.

Hoja ya kwanza ya wapenda ukubwa ni nguvu, na nguvu huanzia kwenye soketi. Nyumba za Kitengela, kama nyumba nyingi za Kenya, hupata stima ya fezi moja, volti 240. Plagi ya kawaida imewekewa kikomo cha ampea 13. Ukizidisha hesabu hiyo unapata takriban wati 3,100, na hapo ndipo mwisho. Mota ya hosipawa moja inatoa wati 746, nayo hula kiasi cha wati 1,100 ikikata kwa nguvu zake zote. Mota ya hosipawa tatu tayari imefika ukingoni mwa plagi, na hilo ni kabla ya kuhesabu mwanzo wake: mota ya aina hii inapowashwa huvuta, kwa muda mfupi, mara tano hadi saba ya stima inayoitumia ikizunguka kawaida. Ndiyo maana mtu aliyeuziwa mashine kubwa huiwasha, taa za nyumba zikafifia, swichi kuu ikaruka, na jirani anayetumia laini ileile akaanza kuuliza maswali. Wale waliohamia sola katika maeneo ya ndani ya Kajiado wanalijua tatizo hili vizuri zaidi, kwa sababu inveta ya nyumba husamehe kidogo kuliko nguzo ya stima.

Wengine husema, basi lete fezi tatu. Kuiomba kwa Kenya Power kunawezekana, lakini gharama ya laini, mita na waya ni bajeti nyingine kabisa. Kuna pia vifaa vya kielektroniki vinavyogeuza fezi moja kuwa tatu, na vingi hufanya kazi vizuri kwa mota ndogo. Mwenye bajeti finyu, hata hivyo, anapaswa kuhesabu kifaa hicho ndani ya bei ya mashine tangu siku ya kwanza. Mashine kuukuu ya bei nafuu ikishaongezewa kifaa, waya na fundi wa stima, unafuu wake huyeyuka.

Na je, mota ndogo kweli haiwezi kazi? Jibu liko buchani. Bucha kubwa za miji ya Kajiado, kaunti ambayo ng'ombe na mbuzi ni uhai wake, zina misumeno ya ukanda ya kukatia mifupa. Ni mashine ileile: magurudumu mawili, ukanda mmoja wa chuma wenye meno, meza na mota ndogo iliyochomekwa ukutani. Hupasua paja la ng'ombe, mfupa na nyama iliyoganda, kutwa nzima, bila fezi tatu. Inaweza hivyo kwa sababu ukanda wake ni mwembamba, meno yake ni makubwa na yaliyoachana, na huondoa kiasi kidogo mno cha kile kinachokatwa. Msumeno unaoondoa kidogo hauhitaji nguvu nyingi. Fundi anayecheka hosipawa moja kwenye karakana ya mbao ameshaiona hosipawa moja ikishinda mfupa wa ng'ombe mbele ya macho yake.

Baada ya soketi, sakafu. Uwanda wa Kitengela, kuelekea Athi River na Isinya, una maeneo mapana ya udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka nyufa pana kiangazi kikikaza. Wajenzi wanaujua, huuchimba na kuuondoa, kisha hujaza maramu kabla ya kumwaga sakafu ya nyumba. Kibanda cha nyuma mara nyingi hakipati heshima hiyo. Hupigwa safu nyembamba ya zege juu ya udongo uleule, na msimu mmoja ukipita sakafu imepanda upande huu na kushuka ule. Mashine ya mamia ya kilo ikisimamishwa hapo hupinda pamoja na sakafu, magurudumu yake yakaacha kutazamana, na ukanda ukaanza kutoka kwenye njia yake. Msumeno wa inchi 14 watu wawili wanaweza kuubeba, kuusawazisha kwa vipande vya bati chini ya miguu, na hata kuusukuma nje ya mlango asubuhi na kuurudisha jioni. Katika kibanda ambacho pia kina pikipiki na magunia ya mahindi, hilo lina thamani kubwa.

Hata hivyo, sababu kubwa kuliko zote ya kuchagua msumeno wa ukanda kabla ya msumeno wa mviringo ni mbao yenyewe, na hapa washauri wa ukubwa wamebaki nyuma ya nyakati.

Februari 2018 Serikali ya Kenya ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma na ya jamii. Marufuku hayo yaliongezwa tena na tena, hadi Julai 2023 Rais William Ruto alipotangaza kuyaondoa, na baada ya hapo mvutano ukahamia mahakamani. Katika miaka hiyo mbao nyingi zaidi zilitoka mashambani mwa watu: mgrivilea uliopandwa mpakani mwa shamba la kahawa, mkaratusi, mwembe uliozeeka, mjakaranda ulioanguka uani. Kwa upande wa nchi kavu kuna mukau, mti ambao Taasisi ya Utafiti wa Misitu Kenya, KEFRI, imeufanyia kazi kwa miaka mingi Kitui na Kibwezi ikishirikiana na Wajapani. Mbao zake husifiwa kama mahogani ya ukame, na mchwa huzikwepa. Miti hii ya mashambani ina tabia moja: magogo yake ni membamba, mafupi, na mara nyingi yamepinda. Haifiki karakanani ikiwa mbao ndefu zilizonyooka. Mgunga unaopatikana Kajiado kwenyewe, mtu anapopata kipande halali kutoka mti ulioanguka, huwa hivyohivyo, na juu ya hayo ni mgumu kama pembe.

Kipande kifupi, kilichopinda na kigumu hakiwezi kusukumwa salama kwenye msumeno wa mviringo. Hakina upande ulionyooka wa kuegemea reli ya kuongozea, hutikisika mezani, na bledi ikikibana hukirusha. Msumeno wa ukanda hukipokea, mradi kifungwe kwenye ubao wa kukishika kisibiringike. Wenye magogo ya mathenge kule Baringo, mti mgeni uliovamia malisho yao, wana tatizo lilelile na wana suluhisho lilelile.

Halafu kuna hesabu ya kinachopotea. Bledi ya mviringo ya kawaida huacha njia ya milimita 3 hivi kila inapopita. Bledi nzuri ya ukanda huacha kama milimita 1.2. Mnyororo wa msumeno wa petroli, unaotumiwa vijijini kupasua magogo, hula karibu sentimita nzima. Chukua kipande cha mukau chenye unene na upana wa milimita 100, ukitaka kukipasua kuwa mbao za milimita 10 za kutengenezea masanduku au milango ya kabati. Kwa ukanda unapata mbao tisa. Kwa njia ya milimita 3.2 unapata saba na ukoko mwembamba usio na kazi. Ni kweli kwamba uso ulioachwa na ukanda una mikwaruzo na huhitaji randa, na randa nayo hula sehemu yake. Lakini msumeno wa mviringo wa jua kali hauachi kioo pia. Isitoshe, bledi ya mviringo ya inchi 10 hukata kina cha takriban milimita 80 tu. Kipande hicho cha milimita 100 hakipiti mara moja. Lazima kigeuzwe kikatwe pande zote mbili, na hapo ndipo vidole hupotea.

Vidole vizungumziwe waziwazi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka sehemu hatari za mashine zikingwe, lakini tazama mabenchi ya msumeno wa mviringo yaliyochomelewa barabarani: bledi imesimama wazi, hakuna kifuniko, hakuna kisu cha nyuma cha kuzuia mbao isijifunge juu ya bledi. Meno ya nyuma ya bledi hiyo huinuka kuelekea alikosimama fundi. Mbao ikibana, hurudi kwake kwa kasi ya meno. Ukanda husukuma chini, kuelekea meza. Hauwezi kuirudisha mbao usoni mwa mtu. Hii haina maana kwamba ni mashine ya mtoto. Ukanda hukata kidole kimyakimya na haraka, na kila mwenye bucha anajua hivyo. Kinga ya juu ishushwe hadi ibaki nafasi ndogo tu juu ya mbao, mkono usiwe mbele ya meno, na kijiti cha kusukumia kitumike mwishoni mwa mkato. Lakini mtu anayefanya kazi peke yake jioni, amechoka baada ya siku ya kazi nyingine, watoto wakiwa ua uleule, anastahili mashine ambayo kosa lake moja halina nguvu ya kumrushia ubao kifuani.

Wapinzani wana hoja moja yenye uzito, na ni haki iwekwe mezani nzima. Msumeno wa ukanda wa inchi 14 hauwezi kugawa karatasi nzima ya plaiwudi au MDF ya futi nane kwa nne. Shingo yake huruhusu chini kidogo ya inchi 14 upande wa kushoto wa bledi, na meza yake ni ndogo. Anayetengeneza kabati za jikoni pekee hataokolewa nao. Vilevile kupasua mbao ya futi 14 kwa urefu peke yako kwenye meza ndogo ni mateso.

Lakini ni nani aliyesema kazi hizo lazima zifanyike nyumbani? Maduka yanayouza plaiwudi na MDF huzikata kwa vipimo vya mteja. Yadi za mbao hupasua na kuranda kwa futi, kazi ambayo mwenye yadi ameinunulia mashine kubwa, stima ya fezi tatu na kijana wa kusimama nayo. Huduma hiyo inapatikana mjini kwa malipo madogo ukilinganisha na kununua mashine ya kuifanya mara mbili kwa mwezi. Kwa karatasi zinazobaki kurekebishwa, msumeno wa mkono wa stima ukiongozwa na ubao ulionyooka uliobanwa kwa klampu unatosha. Mwenye bajeti ndogo anunue kile ambacho mji haumuuzii kwa futi: kukata mapindo ya miguu ya kiti, kupasua kipande chake mwenyewe kuwa mbao nyembamba zenye nyuzi zinazofanana, kukata viungo, kuokoa vipande vya pembeni. Kazi hizo ndizo zinazotofautisha fanicha yake na kitanda kilichoning'inizwa barabarani.

Sasa tufike kwenye kosa la msingi kabisa la wapenda ukubwa, nalo ni kudhani kwamba msumeno ni mota. Historia ya mashine hii inawapinga. Mwingereza William Newberry alikuwa na hati ya uvumbuzi wa msumeno wa ukanda mwanzoni mwa karne ya 19, na magurudumu yake yangeweza kuzungushwa bila shida. Mashine ikakaa miongo bila kuenea, kwa sababu hakuna aliyeweza kuunga ukanda wa chuma ukavumilia kukunjwa na kunyooka mara elfu na elfu bila kukatika kwenye kiungo. Mwaka wa 1846 Mfaransa Anne Paulin Crépin alipata hati ya mbinu bora ya kuunga ukanda, haki yake ikauzwa kwa kampuni ya Périn ya Paris, na kutoka hapo msumeno wa ukanda ukaingia viwandani. Kilichokosekana miaka yote hiyo kilikuwa bledi.

Ndivyo ilivyo hadi leo. Mtu hununua msumeno, hutumia bledi iliyokuja nayo, ambayo kwa kawaida ni ya bei ya chini kabisa, akajaribu kupasua mkaratusi mkavu wa inchi tano. Bledi inayumba, inatoa moshi, mkato unatoka na tumbo. Rafiki anamwambia mota ni ndogo. Kwa kweli meno ni mengi mno. Bledi yenye meno kumi kwa inchi ikiwa ndani ya mbao ya inchi tano ina meno hamsini kazini kwa wakati mmoja, na nafasi kati ya jino na jino hujaa unga wa mbao kabla haujatoka upande wa chini. Kuanzia hapo bledi haikati tena, inasugua. Weka bledi ya nusu inchi yenye meno matatu kwa inchi, na mashine ileile, mota ileile, itapita. Kanuni ya upande wa pili ni kwamba meno yasiwe chini ya matatu ndani ya mbao kwa wakati wowote. Kwa plaiwudi nyembamba, basi, rudi kwenye meno mengi.

Upana una kanuni yake pia. Bledi ya robo inchi hugeuka kwenye duara lenye nusu kipenyo cha takriban 5/8 ya inchi, ya nusu inchi huhitaji kama inchi mbili na nusu, ya robo tatu huhitaji zaidi ya inchi tano. Mshauri wa ukubwa atasema weka ya robo tatu kwa sababu mwongozo wa mashine unaikubali. Asisikilizwe. Fremu ya msumeno wa inchi 14 wa chuma cha kusubu haina nguvu ya kuikaza bledi hiyo kama inavyotakiwa. Bledi pana iliyolegea hupotoka zaidi kuliko nyembamba iliyokazwa. Na ukanda mnene ukizungushwa kwenye gurudumu dogo hupata nyufa ndogo kwenye mashimo ya meno, kisha hukatika katikati ya kazi. Kwa karakana ya nyumbani, bledi tatu zinatosha kuanzia: ya robo inchi kwa mapindo, ya nusu inchi yenye meno matatu kwa kupasua, na ya nusu inchi yenye meno sita hivi kwa kazi za kila siku.

Kabla ya kulaumu mashine kwamba hukata kombo, kuna kazi ya saa moja ambayo karibu hakuna anayeifanya. Stima ikatwe. Magurudumu yazungushwe kwa mkono kuona kama ukanda unakaa katikati ya mpira. Vielekezi vya pembeni visogezwe hadi vibaki na nafasi ya unene wa karatasi, nyuma kidogo ya meno. Beringi ya nyuma iachwe isiguse bledi isipokuwa mbao inaposukumwa. Kisha mtu achore mstari ulionyooka kwenye ubao, aufuate kwa mikono bila reli, asimame katikati ya mkato bila kuuondoa ubao, achore kwenye meza pembe ambayo ubao umekaa, na aifunge reli kwa pembe hiyo. Kila bledi ina mwelekeo wake mdogo, na reli iliyofungwa kwa kubahatisha hugombana nao. Mashine nyingi zinazouzwa kwa sababu hukata kombo zinakosa saa hiyo moja tu.

Kuhusu wapi pa kununua, mtindo wa inchi 14 wenye fremu ya chuma cha kusubu ulianzishwa na kampuni ya Delta ya Marekani miaka ya 1930, na umeigwa na viwanda vingi tangu hapo, hasa vya Asia. Jambo hili ni neema kwa mnunuzi wa Kitengela: vipuri vingi vinafanana, na ukanda wake wa kawaida ni inchi 93 na nusu, yaani kama milimita 2,375. Ukiongezewa kipande cha fremu cha inchi sita ili upasue kina cha inchi 12 badala ya sita, ukanda unakuwa inchi 105. Urefu wa ukanda ujulikane kabla ya kulipa, na mnunuzi apate Nairobi muuzaji atakayemuungia bledi za urefu huo. Mashine ya bei nafuu yenye ukanda wa urefu wa ajabu usiopatikana ni chuma chakavu kinachosubiri siku yake.

Mashine kuukuu kutoka Uingereza ina faida ambayo haisemwi vya kutosha: Uingereza na Kenya hutumia masafa yaleyale ya hezi 50 na plagi ileile ya miguu mitatu bapa. Iliyotoka Marekani imetengenezwa kwa hezi 60, na mara nyingi kwa volti 110. Hata ikipewa transfoma, mota yake itazunguka pungufu kwa moja ya sita, na bledi itakwenda polepole kwa kiasi hicho. Mwenye kujifunza kwa video za Marekani akumbuke tofauti hiyo anapolinganisha. Tahadhari upande wa Uingereza ni mashine za shule na viwanda, kama zile nzito za Wadkin wa Leicester. Ni mashine bora mno, ila mota zake kwa kawaida ni za fezi tatu, na hapo tunarudi kwenye hesabu ya soketi.

Misumeno iliyoundwa na mafundi wa jua kali nayo isidharauliwe. Mikono ya Kamukunji na Kariobangi imeunda mashine ambazo zimelisha familia nyingi, na beringi na pulii zake hupatikana popote. Lakini kwa ukubwa mdogo kasoro huonekana zaidi. Gurudumu lisilosawazishwa hutetemesha mashine nyepesi kuliko nzito, na bledi huchoka mapema. Anayenunua aizungushe kwa mkono akitazama ukingo wa gurudumu dhidi ya ncha ya penseli, asikilize beringi za chini, na adai milango ya kufunika magurudumu yote mawili kabla ya pesa kutoka mfukoni. Kwenye zile za chuma cha kusubu, akague bawaba ya gurudumu la juu na skrubu ya kukazia: watu huzikaza kupita kiasi hadi zikapinda.

Na mpaka uwekwe upande wa chini pia. Vile vidogo vya mezani vya inchi nane au tisa, ambavyo hukata kina cha takriban milimita 80, havifiki. Havikazi hata bledi ya nusu inchi vizuri. Mwenye pesa za hiki tu ni heri aweke akiba miezi mingine, au anunue msumeno mzuri wa mkono na randa, aanze kazi.

Hoja ya bei ya kuuza hutajwa mwisho kila mara, kana kwamba mtu hununua mashine ili aiuze. Hata kwa kipimo hicho haisimami. Msumeno mkubwa wa fezi tatu unaweza kununuliwa tu na mwenye karakana ya biashara, aje na lori na vijana wa kuupakia. Wa inchi 14 unaweza kununuliwa na yeyote mwenye soketi na pikapu, na watu hao katika Kitengela, Kiserian, Ngong na Rongai wanaongezeka kila ploti inapojengwa.

Limesalia la jirani. Kanuni za NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, za 2009 kuhusu kelele na mitetemo zinahusu pia ua wa nyumbani, na katika ploti za futi hamsini kwa mia ukuta wa mtu ni ukuta wa chumba cha kulala cha mwenzake. Msumeno wa mviringo hupiga ukelele unaosikika mtaa mzima. Ukanda huvuma. Vumbi lake, hata hivyo, ni laini na hukaa hewani, na tangu 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeliorodhesha vumbi la mbao miongoni mwa visababishi vya saratani kwa binadamu. Mvule huwasha ngozi na koo hata kabla ya hapo. Barakoa inayobana uso na mlango uliofunguliwa upande upepo unakotoka viingie kwenye bajeti pamoja na bledi.

Anayekwenda kununua mwezi huu abebe kipande cha mkaratusi mkavu chenye kimo cha inchi tano, na bledi mpya ya nusu inchi yenye meno matatu, ya urefu wa mashine anayoiendea. Amwombe muuzaji aifunge, aikaze, na apasue kipande hicho hadi mwisho huku mnunuzi akitazama. Mbao ikitoka na unene ulio sawa juu na chini, alipe. Muuzaji akikataa kuiwasha, au akianza kueleza habari za hosipawa, aende duka linalofuata.